Toka Moja Hadi Tano

Swali la kumi na moja, Nyaboke, lirudie.
"Mfumo huu ni rahisi kutumia:
moja ni hapana kabisa, tano ni sana."
Rahisi kwa nani? Simu ni ya Shekuwe,
na Shekuwe huondoka nayo alfajiri, kibaruani Faza.
Hurudi magharibi, betri ina asilimia sita,
kioo kimepasuka pale pale penye kitufe cha *Endelea*.
Mimi huendelea kwa ukucha wa kidole kidogo.

Andika tatu.

Hapa Siyu mtandao haukai nyumbani.
Uko kule jabiani, ukingo wa kusini,
hatua nne kutoka ule ufa uliozibwa kwa saruji,
na usigeuke. Ukigeuka, umekwenda.
Nimejifunza hesabu za mizania nimesimama hivyo,
uso kama wa mtu anayenusa moshi,
mtoto mgongoni, mbu miguuni,
mali upande huu, madeni upande huu,
na mwalimu ndani ya simu ameganda mdomo wazi
katikati ya neno "faida".
Siku tatu nilibaki na "fai".
"Da" ilikuja Ijumaa, na bando la shilingi ishirini.

Cheka tu. Mimi pia nilicheka, huku nimekasirika.

Kuna sehemu ya kusema, simu ikasikiliza.
Hiyo ni ya Mahfudha, mkubwa wangu, miaka mitano.
Ikamwonyesha bilauri: ndani mna nini?
Akasema, mayi.
Ikalia kengele ya kosa. Jaribu tena.
Mayi.
Jaribu tena.
Ikamwonyesha jua, akasema yua,
macho, akasema mato,
na kila mara ile kengele,
kama sinia la bati limeanguka jikoni.
Akanigeukia: "Mama, simu hii haiyui mayi?"

Hilo liko swali la ngapi kwenye dodoso lako?

Sikwambii ni mbaya. Alijifunza "maji" kwa simu,
"mayi" anayo kwa nyanya yake,
na sasa akishikwa na kiu hungoja kwanza,
anatazama ni nani aliyeshika bilauri.

Wala usidhani sina shukrani.
Mimi nashona makubadhi. Zamani nikiuza jozi mia sita
nilijihesabu nimepata mia sita.
Simu ndiyo iliyoniuliza: uzi je? Gundi?
Na saa ulizokesha, umeziandika wapi?
Sikuwa nimeziandika popote.
Usiku wangu una bei. Hilo hakuna aliyewahi kunambia,
si baba, si chuoni, si Shekuwe.
Basi tajiri wa Langoni alipokuja, nikamtajia mia tisa.
Akazipanga jozi zangu chini moja moja, taratibu,
akatoka, na tangu mfungo mosi hajarudi.

Somo nililielewa vizuri. Mtihani nilipata themanini na nne.
Weka tano.
Au weka moja. Wewe ndiwe uliyesoma, utajua pa kuliweka.

Nyaboke alibonyeza *Tuma*.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Akaitikisa ile kompyuta yake bapa, kama mtu anayejaribu dafu,
akainyoosha dirishani, akaniangalia.
Nikachukua leso yangu. Twende, nikamwambia.

Ukingo wa kusini. Hatua nne. Usigeuke.
Akasimama na viatu vyake vya mjini, mkono juu,
mwingine unapiga mbu shingoni,
na mimi, kwa mara ya kwanza, nimekaa chini namtazama.
Nyuma yetu mtu alikuwa akiteka mayi, ndoo inagonga ukuta.

"Kila siku hivi?" akauliza,
na swali hilo hakulisoma popote.

Nikamwambia usiseme sana,
imefika asilimia arubaini.